Maharagwe ya Jumapili

Wazo la kupika nyumbani lilikuwa la kaka yangu. Tuliishi wawili katika chumba kimoja Sarang'ombe, Kibera, miaka ile ya tisini, na sote tulifanya kazi ya mjengo Kawangware. Yeye alikuwa fundi wa mawe, mimi nikimchanganyia simiti. Asubuhi tulitembea hadi kazini na tumbo tupu, tukanywa chai kwa mama wa kibanda kando ya mjengo. Mchana tulikula chapati na maharagwe kwa mama huyo huyo, na jioni tukirudi Kibera tunakaa tena kwenye benchi la kibanda kingine. Mshahara wa Jumamosi haukuwahi kuiona Alhamisi.

"Omera," akaniambia jioni moja. Ndivyo watu wa ziwa tunavyoitana, ndugu kwa ndugu. "Hii pesa yote inaishia kwa benchi. Tununue jiko."

Tukanunua jiko la makaa, sufuria mbili na mwiko. Kupika hatukujua. Kwetu mwanamume hakukaribia meko, na ugali wetu wa kwanza tuliula kwa kijiko kama uji. Mama wa mlango wa pili, mjane wa Kitui aliyeuza sukuma wiki, alitutazama siku chache kisha akashindwa kuvumilia.

"Nyinyi mtamaliza makaa ya Nairobi nzima," alisema. "Maharagwe yanachemshwa mara moja, Jumapili. Mengi. Katikati ya wiki unakaanga tu na kitunguu. Lakini kila jioni yapashe moto, yasichache."

Tukamsikiliza. Jumapili sufuria ilitokota mchana kutwa pale mlangoni, na siku za kazi chakula kilikuwa tayari kabla hatujamaliza kuvua viatu. Tulibeba cha mchana kwenye mkebe. Wenzetu wakiwa bado wamejipanga kwa mama wa kibanda, sisi tumeshashiba na tumejinyoosha kwenye kivuli cha ukuta. Kaka akaanza kununua mabati, moja moja, akiyasimamisha nyuma ya kitanda. Alitaka kumwezekea mama yetu nyumba. Sikumbuki wakati mwingine tuliocheka kama miezi ile.

Kisha akaanza kuacha chakula. Mwanzo ilikuwa vijiko viwili vitatu chini ya mkebe, baadaye nusu. Nikadhani ni mkono wangu, maana kufikia hapo mimi ndiye niliyekuwa mpishi. Nikapunguza chumvi. Nikaongeza nyanya. Nikanunua omena, samaki wadogo aliowapenda tangu utotoni, nikawakaanga vizuri. Akala kidogo, akatoka nje, nikamsikia akitapika karibu na mtaro.

"Umepika vizuri," alisema aliporudi. "Ni tumbo tu."

Suruali yake ikaanza kufungwa kwa kamba. Siku moja alishindwa kuinua jiwe ambalo mwaka uliotangulia angelibeba akipiga mluzi, na msimamizi akamwambia aende nyumbani apumzike, atamwita. Hakumwita. Katika zahanati walimpa tembe nyeupe, kisha nyingine, na daktari akamwambia mengine kwa sauti ya chini, ambayo kaka hakunisimulia. Sikumuuliza. Wakati huo watu waliujua ugonjwa ule bila kuutamka, na mimi niliujua. Mabati tukayauza kununua dawa.

Nilichobaki nacho ni kupika. Niliamka mapema nikakoroga uji wa wimbi, nikautia kwenye chupa ya chai. Nikaacha maharagwe yaliyopondwa, laini kama ya mtoto, sahani ikiwa imefunikwa kando ya kitanda. Jioni nikirudi kutoka Kawangware nilikuta sahani tupu na chupa imeoshwa. Nikafurahi. Nilimwambia kila mtu mjengoni kwamba kaka anakula sasa, atarudi.

Lakini hakunenepa. Mashavu yalizidi kuingia ndani. Mwishowe mama wa Kitui alinisimamisha mlangoni kwake, mikono imejaa sukuma.

"Mwanangu, siwezi kuendelea kukuficha," alisema. "Chakula chako ninakula mimi. Ananiita ukienda kazini, ananiambia nimalize na nioshe vyombo. Nilikataa, akalia. Ningefanya nini?"

Niliingia ndani nikakaa kwenye kitanda, miguuni pake. Alijua kwamba nimeambiwa, maana ukuta wetu ulikuwa wa bati.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ulikuwa unaenda kazini ukiwa na raha," alisema. "Nikiacha chakula unakaa ukinitazama tu. Na mimi siwezi, omera. Hakishuki."

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa hata pa kuanzia. Nikamuuliza kuna kitu gani anachotaka, chochote, nitakitafuta.

"Nipeleke nyumbani," alisema.

Wiki hiyo nilimpandisha basi la kwenda ziwani pamoja na binamu yetu; nauli yangu haikupatikana. Nilimpa binamu chungwa na maji yenye sukari na chumvi, nikamweleza namna ya kumnywesha, nikarudia maelezo hayo mpaka akaniambia ameelewa. Kaka aliegemeza kichwa kwenye kioo. Basi lilipoanza kutoka nilitembea kando yake hatua kadhaa mpaka likanipita.

Alifariki nyumbani, mahindi yakiwa bado machanga. Mama aliniambia kwamba siku zake za mwisho kaka alikuwa akilamba maziwa kidogo kutoka kidoleni mwa mama, na kwamba hayo alikuwa akiyameza.