Mkono wa Kulia

Marehemu mume wangu alikuwa askari polisi katika boma la Wadachi, hapo Mpwapwa. Kazi iliyomtesa ni kuchapa. Aliyehukumiwa hulazwa uwanjani, naye humchapa viboko ishirini na tano, huku shaushi, mkubwa wake, akihesabu. Askari akichapa polepole, hulazwa yeye.

Mwanzoni, siku za kuchapa, hakula. Aliutazama ugali, akatoka kwenda kukaa na ndama. Baadaye akaanza kushika kiboko kwa kushoto. Aliniambia, "Mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Tuuache na kazi yake." Tukacheka. Tangu hapo alikula.

Shaushi alimkebehi: "We mwanamke, unachapa kwa mkono wa chooni?" Lakini alipoiona migongo ya watu alinyamaza. Kushoto kule kulikwisha kuwa kuzito.

Mwaka mmoja wa ukame kaka yangu alikamatwa. Alikuwa ameutupa mzigo wa serikali njiani, akakimbilia Kibakwe. Asubuhi ile mume wangu akifunga mkanda nilimwambia, "Mchape polepole."

"Shaushi ana macho, mke wangu."

"Ni shemeji yako yule."

Alimaliza kufunga mkanda. "Kushoto kutamchana. Kulia kumelegea, hakuna mazoea. Nitatumia kulia. Usimwambie mtu, hata yeye mwenyewe."

Aliporudi nilimwekea chakula. Hakukigusa. Siku ya tatu nilimega tonge nikamlisha kama mtoto, akakubali.

Kaka yangu alipoweza kutembea alikuja, akaishia mlangoni. "Dada, watu wote huwachapa kwa kushoto. Mimi shemeji yake kanibadilishia, kanipa mkono wa nguvu. Kumbe alikuwa ananichukia siku zote!"

Mume wangu alikuwa ndani, akisikia. Niliogopa neno lisije likafika bomani. Nikasema tu, "Pole, kaka."

Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini Wadachi waliondoka, shaushi naye akaenda zake, na bado sikusema. Kila mwaka niliona nimechelewa zaidi. Kaka alikufa bila kukanyaga tena kwetu.

Siku ya maziko mume wangu alisogea kaburini akaomba jembe, naye atie udongo. Wanaume wa ukoo wetu walimnyima. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilimwona akigeuka kurudi nyuma ya watu, na hata hapo sikufungua mdomo.