Siku Koko Alipotoka Kwenye Simu

Hapa Kashojwa, kijiji cha kambi yetu ya wakimbizi, mimi nilikuwa waziri wa simu, na hakuna aliyenichagua. Kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, nilisimama nikawahubiria wenzangu kwamba simu inawaharibu watoto, kwamba mtoto mdogo apewe kidogo tu, tena kwa sheria. Sheria yangu ilikuwa hii: mwanangu wa miaka mitatu aangalie katuni maji ya ugali yakiwa motoni, yakichemka simu inarudi kwangu. Mtoto si mjinga. Akaanza kudai tupikie sufuria kubwa. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nachungulia katuni hizo hizo begani mwake, niliijaza maji hadi juu.

Kulikuwa na kazi moja ya simu ambayo sikuthubutu kuiwekea sheria. Mama yangu alibaki kwetu Uvira tulipokimbia, na mjukuu huyu alizaliwa huku kambini Nakivale, walikuwa hawajawahi kushikana hata mkono. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia kwa video. Koko, maana kwetu ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa akimtania mjukuu wake "bwana yangu", naye akimbusu hadi kioo kinajaa mate. Nilijisifu kwa majirani kuwa mtoto wangu anamjua bibi yake vizuri.

Mwaka huu mama akapata njia ya kuja. Asubuhi ya kwenda kumpokea stendi ya Mbarara niliiacha simu kwa makusudi kwenye kibanda cha kuchajia. Sikutaka Koko amkute mjukuu ameinamia kioo. Nilitaka nisifiwe malezi.

Mama akashuka kwenye basi na mabegi yake, akafungua mikono. "Bwana yangu!"

Mtoto akajificha nyuma ya kitenge changu.

"Salimia Koko," nikamwambia.

"Huyu hapana Koko," akajibu, na stendi nzima ikamsikia. "Koko ni mudogo. Anakaa mu telefone."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni, nikaona macho yamelowa. Safari yote ile, mipaka yote ile, kuja kukataliwa na mtu asiyemfikia kiunoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Leta telefone," akasema mama. "Nitaingia mule, aniangalie."

"Nimeiacha Kashojwa, mama."

"Juu ya nini?"

"Juu ya malezi."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na nimemwaga maziwa. Kisha akaweka mabegi chini, akachuchumaa. Mama yangu hushika simu karibu mno na uso, hata tumezoea kuzungumza na paji la uso lake na jicho moja. Basi akamsogelea mtoto hivyo hivyo, akasogea mpaka paji likaziba basi, abiria na mimi.

"Bwana yangu, umekula?"

Mtoto akatulia. Akanyoosha kidole, akamgusa katikati ya nyusi, akakirudisha haraka. Nadhani hakutegemea joto. Akagusa tena.

"Koko," akasema, nami nikageuka pembeni nikalia bila haya, mbele ya makonda.

Njia yote ya kurudi alikaa mapajani mwa mama yangu, amemshika sikio. Usingizi ulimwelemea, lakini kila kope zikishuka alizifumbua kwa nguvu. Nikamwambia alale.

"Nikilala, Koko atapotea," akasema. "Kila siku anapoteaka."

Nikaelewa. Mtandao wetu ni wa kubahatisha. Ulikuwa ukikatika Koko akiwa katikati ya neno, nami nikitia simu mfukoni tukienda kula. Sikuwahi kumweleza chochote. Na sasa Koko alikuwa amekuja kwa mwezi mmoja tu, hilo pia sikuwa nimemwambia.

"Atapotea saa ngapi?" akaniuliza mimi, mpanga saa za kila kitu.



"Leo hapana," mama yangu akamjibu, akamfunika macho kwa kiganja.