Masaa kumi na tano ya Amsterdam

Leo nimeaibika mbele ya kanisa lote, na hakuna mtu amenisema vibaya.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa jiografia hapa Mutomo. Mumbua, msichana wa kwanza kwetu kupanda ndege, alikuwa anaenda kusoma Norwei. Angebadilisha ndege Amsterdam, ndiyo aende Oslo.

Mama yake akaniuliza hiyo ndege ya pili itachukua masaa mangapi.

Sikujua. Lakini mwalimu atasemaje hajui?

Nikapima kwa uzi kwenye atlasi: kilomita mia tisa na kitu. Mwendo wa ndege sikuwa nao, nikatumia wa basi letu la Kitui.

"Masaa kumi na tano, mama."

Sasa leo Mumbua amerudi kutusalimia. Akitoa ushuhuda, akasema Amsterdam mpaka Oslo hata masaa mawili hayafiki.

Mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na sisi tuliofunga masaa kumi na tano tukikuombea, hata maji hatukunywa? Si ni mwalimu alitupatia hiyo hesabu?"

Kanisa likacheka. Wote wakanigeukia.

Mama Mumbua peke yake hakucheka. Akainuka na mkongojo wake.

"Ndege za siku hizo zilikuwa za polepole. Mwalimu hawezi kukosea."

Na mimi, mzee mzima, nikaitikia kwa kichwa.

Nyinyi mngefanyaje? Bado niko hapa nje, nashindwa kwenda kumsalimia Mama Mumbua.