Kichwa Kilichopumzikia Makina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najishika kichwa na kusema ahsante. Nilikuwa nyumbani kwa Mama Zainabu, mama mzee wa Kinubi aliyekaa mtaa wa Makina maisha yake yote, nikimsuka. Alikuwa na harusi ya mpwa wake, akataka mistari midogo midogo ya kulala chini ya mtandio. Siku hizo nilikuwa msichana wa mikono myepesi, msusi wa kutafutwa kutoka mtaa jirani wa Lindi nilikokaa mpaka kwenye nyumba za ghorofa za Nyayo Highrise. Mtoto wangu Nekesa, ambaye alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, alikuwa amekaa karibu na mlango akiimba wimbo wa shule ya Jumapili.

"Nekesa, nyamaza!" nilimfokea. "Nimekwambia mara ngapi?"

Nilipiga kelele mpaka kitana kikaniponyoka. Mtoto hakulia. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatulia tuli, jinsi anavyotulia mtu aliyezoea. Mimi sikuona ajabu yoyote hapo, lakini Mama Zainabu aliona.

Nikaanza kujieleza, maana kumfokea mtoto ndani ya nyumba ya watu ni aibu. "Mama, nisamehe. Kelele za huyu zinanipasua kichwa. Hii Jumamosi nampeleka ushago, kule kijijini kwa mamangu, akae huko."

"Akae mpaka lini?"

"Mpaka nipone."

"Na utapona lini?"

Nikatoa vidonge viwili kwenye mfuko wa aproni, nikavimeza kwa strungi, ile chai ya rangi kali ambayo sikuwa nikiachana nayo. Nikaokota kitana niendelee na kazi. Mama Zainabu akaushika mkono wangu na kukichukua kile kitana.

"Niambie," alisema, "mtoto ndiye amekuletea hiki kichwa, ama kichwa kilikuwa kinauma kabla aanze kuimba?"

Mwanangu, kuna maswali yanayokufanya utamani kujificha chini ya meza. Nilijua jibu lake. Kichwa kiliamka nami kila asubuhi, kabla mtoto hajafungua macho. Kilianzia shingoni, kikapanda kisogoni, kikaja kunikaza paji la uso kama mtu aliyenifunga kamba. Nekesa hakuwa amefanya kosa lolote zaidi ya kuwa na sauti.

Ngoja nikueleze nilivyokuwa nikiishi, usije ukadhani nilikuwa nimerogwa, ingawa jirani mmoja alisema hivyo. Msusi hana kibao cha biashara kinachozidi kichwa chake mwenyewe. Kwa hiyo wasusi wa pale kwetu tulikuwa tunasukana wenyewe kwa wenyewe, na tulikuwa tunakazana kweli kweli, mpaka nyusi zinapanda juu na macho yanabaki kama ya mtu aliyeshtuka. Mteja akiona mistari imekaza hivyo, anasema huyu anajua kazi. Nywele zikianza kulegea kidogo, nakaa chini nakazwa upya.

Halafu kulikuwa na habari ya choo. Choo kilikuwa mbali na kibanda chetu cha kusukia, na ukienda ukirudi unakuta mteja ameshakalishwa kwa jirani. Basi tulijifundisha kutokunywa maji tangu asubuhi. Tulikuwa tunajisifu nalo, eti mimi naweza kukaa mpaka jioni. Ujinga mtupu, na tulikuwa tunacheka tukiusema. Nilikuwa nasimama nimeinama siku nzima, mabega yamepanda mpaka masikioni, tumboni mna strungi peke yake, na kichwani mna mawazo ya nyumba: Baba Nekesa alikuwa kibarua wa mjengo huku na kule, leo kuna kazi, kesho hakuna. Kichwa kikizidi, kioski kiko hapo mbele, vidonge vya maumivu vinauzwa kimoja kimoja kama peremende. Nilianza na kimoja kwa wiki. Nikafika mahali ambapo siku bila kidonge haikuwepo.

Haya yote nilimweleza Mama Zainabu. Nilidhani atanihurumia, lakini hakuwa mtu wa kuhurumia haraka. Aligeuka, akamuuliza mtoto, "Nekesa, mama akiumwa wewe hufanya nini?"

"Mimi hunyamaza," Nekesa alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Na hutembea na vidole vya miguu. Nikienda ushago mama atapona."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya mteja, mikono imejaa mafuta ya nywele. Mtoto wa umri ule alikuwa amekwisha kukubali kwamba yeye ndiye ugonjwa wangu.

Mama Zainabu aliniacha nilie, halafu akaniambia, "Sasa sikiza. Mimi si daktari na sitakudanganya na majani. Mtoto hapandi basi Jumamosi. Kesho asubuhi twende hospitali, mimi na wewe. Lakini kwanza kaa hapa chini."

Nikakaa chini, mimi msusi, katikati ya miguu ya mteja aliyesukwa upande mmoja tu. Akaanza kunifumua. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kusuka kawa za rangi za kufunikia chakula, na vilikuwa na subira kuliko vyangu. Kila mstari ulipoachia nilisikia ngozi ya kichwa ikirudi mahali pake. Alikuwa ananigombeza huku anafumua. "Unakaza hivi kwa nini? Unaogopa kichwa kitaanguka?" Nilijikuta nacheka na machozi bado yako kwenye mashavu. Nywele zangu zilivimba pande zote, na Nekesa akasema nafanana na kondoo, kisha akaziba mdomo wake haraka. Mama Zainabu akauondoa ule mkono, akamwambia, "Cheka, mtoto. Hapa kwangu watu hucheka."

Kesho yake tulikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, yeye na tasbihi yake mkononi, mimi na leso kichwani. Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alinipima presha, akanitazama machoni kwa tochi, akanikanda shingo na mabega nikaruka kwa maumivu. Halafu akauliza maswali ambayo sikuyatarajia.

"Mama, hizi dawa za kioski unameza siku gani na siku gani?"

"Kila siku, daktari. Siku hizi hata tumbo linanichoma."

"Ukikosa kumeza?"

"Kinaamka kibaya zaidi."

Akatikisa kichwa pole pole. "Basi ndiyo hiyo. Dawa ya maumivu ni nzuri, lakini ukiimeza kila siku, kichwa kinaizoea. Ikiisha mwilini, kinauma kuidai. Unameza tena, kinatulia kidogo, kinarudi. Na hilo tumbo linalokuchoma, ni hizo hizo dawa unazomeza bila chakula."

Nilimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani anayemsalimia kila siku ndiye mwizi wake. Akaniambia niache vile vidonge vyote, na akanionya kwamba siku za mwanzo nitaumia kuliko kawaida, nisije nikarudi mbio kioski. Akaniandikia kidonge kingine cha kumeza jioni, cha kuzuia maumivu yasianze, na cha kutuliza tumbo. Kisha akasema ninywe maji, nile asubuhi, nilegeze nywele. Mwisho akanifundisha kupumzika.

Hapo nilitaka kucheka. Kumfundisha mtu mzima kupumzika! Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta sindano. Lakini akanikalisha sawa, akasema, "Kaza ngumi. Kaza kabisa. Sasa achilia." Nikaachilia. "Pandisha mabega mpaka masikioni. Achilia." Nilipoachilia mabega yalishuka, yakashuka tena, mpaka nikashangaa yalikuwa yanaelekea wapi. Akanifundisha kuvuta pumzi kwa pua bila haraka na kuitoa taratibu zaidi ya nilivyoivuta, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Pale kwenye kiti, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana, nilijua kwamba mwili wangu ulikuwa umekunja ngumi mchana kutwa na mimi mwenyewe sina habari.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, sitakuficha. Daktari alikuwa amesema kweli. Nilitapika, nilitetemeka, na nikimwona mtu anaelekea kioski nilitamani kumtuma. Mama Zainabu alikuwa amenipa chumba chake cha nyuma. Kila mchana nililala humo, pazia limeshushwa, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, huku yeye yuko sebuleni na Nekesa akimfundisha kupanga rangi za kawa. Wakati wa sala ukifika nilimsikia akitandika mkeka wake. Mimi Mkristo wa kupiga ngoma kanisani, nililala salama ndani ya nyumba ya Kiislamu, na hakuna aliyeniuliza nitatoka lini. Nilikuwa nabaki pale nikianzia vidole vya miguu, nakaza, naachilia, napanda mpaka usoni. Mara nyingi nilipitiwa na usingizi kabla sijafika magotini.

Siku moja niliamka pale nikasikia sauti. Nekesa alikuwa anaimba, wimbo ule ule, kwa nguvu zote za kifua chake. Nilikaa kitandani nikisubiri kichwa kipasuke. Nikasubiri. Hakikupasuka. Kilikuwa kimechoka tu, kama kichwa cha mtu yeyote. Nilitoka, nikaketi sakafuni, nikamwambia aurudie ule wimbo tangu mwanzo. Aliniangalia kwanza, kuhakikisha sijamtegea mtego. Halafu akaimba.

Nekesa hakwenda ushago. Mama Zainabu alinipa nafasi kwenye ukumbi wake wa nje niweke kiti cha kusukia, maji karibu na choo karibu, na akakataa kabisa kuniruhusu nikaze kichwa cha mtu yeyote mpaka nyusi zipande. Wateja wengine waliondoka, wengi wakabaki, na wakaja wapya ambao walikuwa wamechoka kuumia. Nekesa akageuka msimamizi wangu. Nikiwa katikati ya kazi alikuwa anapaza sauti mbele ya watu, "Mama, mabega!" nami nayashusha kama askari aliyepewa amri. Wateja walikuwa wakicheka, halafu nawaona na wao wanashusha yao.

Kichwa bado huja, sitakudanganya kwamba kilihama kabisa. Huja nikikosa usingizi au nikibeba maneno ya watu. Lakini huja kama mgeni, anakaa kidogo anaondoka. Sasa naishi Kawangware, nywele zimekuwa nyeupe kama zake yeye, na Mama Zainabu tulimzika, Mungu amrehemu. Sikuwahi kupata njia ya kumlipa. Nilimsuka bure mpaka siku zake za mwisho, na kila mara alinung'unika kwamba nimelegeza mno. Nekesa ni mama wa watoto sasa, na akinipigia simu lazima niisogeze mbali na sikio, maana sauti yake haijui kunong'ona tena. Hiyo sauti ndiyo utajiri wangu. Karibu niipoteze kwa sababu ya vidonge na strungi.

Kwa hiyo, mwanangu, unayekaa na simu mpaka macho yanawaka, unayesema uko na stress na kumeza kidonge ukikimbilia kazi, nisikilize mimi bibi wa watu. Dawa usiidharau, imenisaidia na bado naiheshimu. Lakini imezwe kwa chakula na kwa maji, kwa kipimo ulichopewa, na ukiona siku zako za kumeza zinazidi siku za kutomeza, nenda hospitali ukaseme ukweli wote, hata wa choo. Kichwa kikija kwa ghafla na ukali usioujua, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea, au ulimi ukawa mzito, au macho yakaacha kuona, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho na usinywe chai kwanza. Kunywa maji hata kama choo ni mbali. Legeza nywele, legeza mabega, tafuta mahali pa kulala mchana kidogo hata kama ni kwenye benchi la kanisa. Na kabla hujamfukuza mtu kwa sababu anakuumiza kichwa, jiulize kichwa kilianza kuuma lini.

Mungu akupe usingizi unaokuja bila kuitwa. Akupe mtu wa kukunyang'anya kitana mkononi na kukukalisha chini siku utakapokuwa unaharibikiwa na hujui. Na nyumba yako, mwanangu, isiwahi kuwa na mtoto anayetembea kwa vidole.