Beringi Mbili za Mzee Elifasi

Walisema sitaweza. Enzi zetu mtu mwenye mashaka nawe hakukusengenya pembeni kama wanavyofanya leo kwenye makundi ya simu. Alikuambia usoni, mchana, watu wakisikia, kisha akakukaribisha ndizi. Babu yangu alisema nitazeeka nikisukuma magari ya wenzangu yaliyokwama kwenye tope la masika. Mwalimu wetu wa hesabu alisema kichwani mwangu hamna ubongo, mna misumari. Na jirani yetu Mzee Elifasi, mwenye mashine ya kusaga mahindi iliyokufa zamani, ndiye aliyewapita wote: alisema siku nitakayoingia uani kwake na gari langu mwenyewe, atachinja beberu na kumla na pembe zake.

Basi niwaambie, ninyi tuliokulia pamoja kwenye migomba ya Machame: gari lipo. Ni gari dogo la mbio la Kijapani, la bluu, lina turbo. Nililinunua pale Majengo, Moshi mjini, likiwa maiti. Gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yamechanganyika na oili hadi injini imejaa kitu kama uji wa ulezi, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Miaka miwili nimelivua na kulivika kwa mikono hii. Nimebadilisha pistoni, nimeweka rejeta kubwa, diski pana za breki mbele na nyuma, shokapu ngumu, na ekzosi ya inchi tatu inayosikika kabla gari halijaonekana. Oili naibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kila hozi naijua kama mama anavyojua makovu ya mwanawe. Sisemi haya kwa majivuno. Au tuseme ni majivuno kidogo: stashahada ya ufundi magari ni yangu, miaka kumi na mmoja kwenye karakana za Uarabuni ni yangu, na hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Lakini kila ninapopaka grisi kwenye beringi, pua yangu bado inangoja harufu ya samli.

Mnaikumbuka barabara ya kanisani kabla haijapigwa lami? Udongo mwekundu uliokandamizwa na miguu ya watu na ng'ombe, migomba pande zote, na chini kabisa mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee wetu, ukiikata barabara kwa baridi ya mlimani. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumeshachota maji, tumekata majani ya ng'ombe, tumemenya kahawa hadi vidole vinateleza, na tumekula kiburu cha jana kilichopashwa moto, ndizi na maharage vimeshikana kama ndugu. Mchana ulikuwa wetu. Tulipandisha magari yetu ya mbao hadi getini mwa kanisa, tukayaachia. Ya wenzangu yalikuwa na magurudumu yaliyochongwa kwa panga, yakilia kama nguruwe njia nzima. Langu lilikuwa na beringi za chuma nyuma, na jamani, lile lilikuwa linakwenda.

Sikuwa na kitu, nilikuwa na mdomo. Niliazima. Kamba ya usukani ilikuwa ya ng'ombe wa Babu. Ng'ombe mwenyewe nilimfunga kwa kamba ya mgomba, na jioni yake alikutwa kwenye kabichi za mwinjilisti. Bolti nne zilitoka kwenye dawati la shule. Hizo nilimwomba mwalimu kimoyomoyo, naye kimoyomoyo hakukataa. Samli ya kulainishia ekseli ilikuwa ya shangazi yangu Ndeshi. Alikuwa amejifungua, na mnajua kwetu mzazi anavyotunzwa: mtori, maziwa, na kibuyu cha samli kisichoguswa na mkono wa mtu mwingine. Nilimwomba kijiko kimoja cha kutibu ekseli. Alicheka, akanipa. Hakujua kuwa ekseli yangu ilikuwa na ugonjwa wa kila siku.

Beringi mbili zilikuwa za Mzee Elifasi. Alizitungua kwenye msumari ukutani, akaizungusha moja kiganjani mwangu, akaniambia nisiisikilize kwa sikio. Mashine ikinguruma, sikio halina kazi. Beringi mbovu unaijua kwa nyayo, ukisimama peku. Nilidhani mzee anazeeka. Alinipa kwa siku mbili. Nikakaa nazo mwaka mzima.

Na breki nilikuwa nazo, hilo liandikwe. Kipande cha tairi kilichopigiliwa kwenye ubao, unakikanyaga kwa kisigino. Vijana wetu wa leo wakipata gari, kitu cha kwanza ni stika, cha pili ni taa za rangi chini ya tumbo, cha tatu ni turbo kubwa. Breki zinabaki zile zile zilizokuja na meli. Linanguruma kama simba, linasimama kama mkokoteni wa viazi. Wakija kwangu nawauliza kwanza, utasimamaje? Wananiona mzee.

Kosa langu halikuwa kuazima. Lilikuwa kukosa darasa la kipaimara Jumamosi tatu mfululizo kwa ajili ya gari. Babu alikuwa mzee wa kanisa, na habari zilimfikia akiwa amekaa na wazee wenzake. Hakunichapa. Alisema kitu kinachonizuia kwenda kwa Mungu kitakwenda chenyewe, na Jumapili ya mavuno akanibebesha lile gari kichwani hadi kanisani, liwekwe kwenye mnada pamoja na mikungu ya ndizi, mayai na majogoo.

Baada ya ibada watu walijaa uwanjani. Mnadishaji aliliinua gari langu, akaligeuza juu chini ili watu waone mali, na hapo ndipo dunia iliponiangukia. Shangazi Ndeshi, mtoto mgongoni, alisogea, akanusa gurudumu, akasema taratibu, "Hii samli naijua. Ni ya kwangu." Watu wakacheka. Mwalimu akainama, akahesabu bolti zake, akafika nne. Babu mwenyewe alishika ile kamba, akaitazama mafundo, akanitazama mimi, akamtazama mwinjilisti, na nadhani wote wawili walikuwa wanawaza kabichi. Mzee Elifasi alikuwa nyuma kabisa. Aliona beringi zake zikimetameta juani, akashusha kofia yake machoni kama asiyeziona.

Mwinjilisti aliinua mkono, mnada ukasimama. "Sadaka haitolewi kwa vitu vya watu," alisema. "Aminieli, rudisha kila kitu kwa mwenyewe kabla ya kipaimara. Usiporudisha, jina lako nalifuta."

Mliokulia kule mnajua uzito wake. Shati jeupe lilikuwa limeshashonwa. Bibi alikuwa ameshateua mbuzi. Kubaki nyuma wenzako wakipata kipaimara ilikuwa ni kutajwa jikoni mwa watu hadi uoe. Na wenye mashaka wakafurahi: walisema sitarudisha hata nusu, na kama nitarudisha, basi sitakuwa na gari tena, kwa kuwa gari lile lilikuwa ni vitu vya watu vilivyokutana.

Wiki tano zilizobaki kabla ya kipaimara ndizo zilizonifanya fundi, kuliko chuo chochote. Kamba nilimrudishia Babu, nikajifunza kuendesha kwa miguu, unyayo mmoja kila upande wa ubao wa mbele, na gari likawa linakata kona vizuri kuliko lilivyokuwa na usukani. Bolti nilizirudisha kwenye dawati na kuzibana mbele ya mwalimu. Mahali pake nikachonga vigingi vya mti wa mringaringa, na vigingi havikulegea kama bolti. Samli ilikuwa imeshaliwa na ekseli, hivyo nilimkatia Shangazi majani ya ng'ombe kila siku, nikasukasuka maziwa hadi mabega yakawaka, mpaka kibuyu kikajaa. Alikipima mkononi akasema inaelekea ekseli imepona. Mimi nikahamia kwenye parachichi lililoiva kupita kiasi. Linateleza, ila nzi wanakufuata.

Zikabaki beringi. Nilizing'oa Ijumaa jioni, nikazisafisha kwa mafuta ya taa hadi zikang'aa, na kesho yake nikazipeleka kanisani, ambako mwinjilisti alikuwa anapitia majina mbele ya wazee. Mzee Elifasi alikuwepo. Nilimnyooshea zikiwa kwenye kitambaa, nikijua kuwa bila zile gari langu lilikuwa ubao tu. Hakuzipokea.

"Huyu kwangu hana kosa," alimwambia mwinjilisti. "Nilimpa siku mbili, na siku mbili zangu hazijaisha."

Mwinjilisti akaandika jina langu. Nje, Mzee Elifasi alinivuta sikio, si kwa nguvu. Alisema nitazirudisha siku nitakayokuja na gari la kweli nililolitengeneza mwenyewe, na kama sitaweza, kama anavyojua kuwa sitaweza, basi beberu wake atakufa kwa uzee.

Nilipata kipaimara. Na siku ya pili ya Krismasi, ndugu wote wakiwa wamerudi kutoka Dar na Arusha na viatu vyao vipya, tuliachia magari getini mwa kanisa, nikashinda. Nilisimama hatua mbili kabla ya mfongo. Wenzangu waliingia majini mmoja baada ya mwingine, na viatu vipya vya Dar vikapata ubatizo.

Beringi zile zilikwenda nami chuoni, zikaenda nami Uarabuni, zimefungwa kwenye kitambaa chini ya begi. Kila mwaka nilizitoa, nikazisafisha, nikazipaka grisi. Mwenzangu mmoja wa kule aliwahi kuniuliza ni za gari gani. Nikamwambia bado sijalinunua.

Desemba iliyopita nilipanda Machame na lile gari la bluu. Mjini walisema gari la chini namna ile litaacha tumbo kwenye mawe ya uchochoro wa kwetu. Nilikuwa nimeshaliinua kidogo kwa springi nilizochagua mwenyewe, na halikugusa hata jani. Niliingia uani kwa Mzee Elifasi asubuhi, ekzosi ikinguruma, kuku wakitawanyika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho yamefifia, kofia ile ile au ndugu yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakuuliza nilikuwa wapi miaka yote. Aliuliza kama nimekula. Kisha akasema nimzungushe.

Nilimpeleka hadi getini mwa kanisa na kurudi. Nilimwonyesha turbo inavyovuta kwenye kilima, breki zinavyoshika. Nilikuwa nangoja neno moja tu, nimelingoja tangu utotoni. Yeye alivua viatu, akabandika nyayo sakafuni, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Ukikata kulia inalia," akasema. "Gurudumu la mbele, upande huu niliokaa."

Nilimwambia kwa heshima kuwa hiyo ni turbo, mzee, ndiyo inavyolia.

"Ni beringi, mbe," akasema, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana.

Nilisimamisha gari uani, nikapiga jeki, nikalishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likacheza. Stashahada, miaka kumi na mmoja, na ile ekzosi niliyoifunga mwenyewe kwa mbwembwe ndiyo iliyokuwa imenifunika masikio. Kwa mwendo ninaokwenda nao barabara ya Arusha, sitaki hata kuwaza kingetokea nini. Bahati nzuri nasafiri na vipuri kabla ya nguo, na beringi mpya ilikuwa kwenye boksi. Niliibadilisha pale pale, Mzee Elifasi akinipa spana moja moja kwa kupapasa, akinisimanga kuwa enzi za mbao nilikuwa mwepesi zaidi. Tulipozunguka tena, nyayo zake zilikaa sakafuni hadi nilipozima injini.

"Imenyamaza," akasema.

Ndipo nikatoa kitambaa. Nikamwambia siku mbili zimeisha. Alizungusha beringi ya kwanza kiganjani, kisha ya pili, akatikisa kichwa, akasema hizi nimezitunza kuliko gari. Babu hayupo tena, mwalimu naye ametutoka, lakini Shangazi Ndeshi alikuja beberu alipochinjwa, na yule mtoto wa mgongoni, sasa baba wa watoto wawili, ndiye aliyechoma nyama. Kuhusu pembe, Mzee Elifasi aliomba asamehewe kwa ajili ya meno matatu aliyobaki nayo.

Nilikuwa nimemaliza. Hakuna mtu mlimani kote niliyekuwa na kitu chake. Nilitazama gari langu pale uani nikakumbuka lile la mbao lilivyogeuzwa kanisani, kila mtu akaona chake na kucheka. Hili ukiligeuza, kila kipuri ni changu. Vijana wetu wanabofya simu, na bodaboda inaleta shokapu hadi mlangoni kutoka kwa mtu wasiyemjua. Ni rahisi, na mimi pia nafanya hivyo. Lakini hawajawahi kunusiwa gurudumu na shangazi yao mbele ya usharika mzima, na ninawasikitikia kidogo.

Jua lilipoinama, Mzee Elifasi aliingia ndani, akazitundika beringi zake kwenye ule msumari, uliokuwa mtupu miaka yote ile. Kisha akarudi akaniomba ile mbovu niliyoing'oa. Nikamwambia imekwisha, haifai kitu. Akaizungusha, akaisikia ikikwaruza, akaitundika pamoja na zile mbili.

"Hii nayo itakaa hapa," akasema. "Ukiwa na haja nayo, njoo uazime."