Kona za Mwisho Kabla ya Mombo

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutosubiri. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, na tangu zamani programu ikinigomea nilikuwa naizima kwa nguvu bila kuuliza inafanya nini. Nitakayokusimulia yalinitokea mimi, hapa Lushoto mjini, kwenye kibanda changu cha ufundi wa kompyuta, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningependa yawe uongo.

Mama mmoja wa Vuga aliniletea laptop ya marehemu mwanawe, Rashidi. Kijana huyo alikuwa ametengeneza mchezo wake: unaendesha gari la kabichi kutoka Lushoto, unapita Soni, unashuka kona zote mpaka Mombo. Alimwambia mama yake, "Ukifika Mombo, nimekuchora wewe, umesimama unanisubiri." Kabla hajamwonyesha, gari la kabichi alilopanda lilianguka kwenye kona hizohizo. Mama hakutaka kitu kingine. Alitaka kujiona pale alipochorwa.

Laptop ilikuwa inatumia mfumo wa Linux. Nikaubofya mchezo, kimya. Nikaufungua kwa kuandika amri, ukanijibu kwa maneno aliyoyaweka Rashidi: "Mchezo unaendelea. Subiri." Nikakagua ruhusa za mafaili, nikasasisha dereva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, nikawasha mashine upya. Jibu lilelile. Michezo mingine ikiwa wazi huweka faili dogo la kufuli ili isifunguliwe mara mbili, na faili hilo huweza kusahaulika. Nikadhani ndilo. Lakini nilipoliangalia, lilikuwa limeandikwa dakika ileile. Nikangoja kidogo, nikaangalia tena. Limeandikwa upya. Sasa niambie, na nani?

Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni, ule wa Julai unaofanya watu wawashe taa mchana. Nilipoinua macho, kijana alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Sweta la njano, mkono mmoja wa kijani.

"Kaka, mwache amalize," alisema. "Amebakiza kona chache."

"Nani amalize, panya?"

Hakucheka. "Ukimzima njiani, Mombo hatapaona tena."

"Mama mwenye laptop yuko njiani anakuja. Nimwambie nimeshindwa?"

"Mwambie asubiri. Amezoea."

Sikuwa na hasira naye, niamini. Niliona aibu tu kushindwa mbele ya mtu. Nakala ya mafaili sikuwa nimetoa. Nikauzima mchezo kwa nguvu, nikafuta kufuli, nikaandika amri tena. Ukafunguka papo hapo. Nikageuka kumringia yule kijana, benchi tupu. Mlango wangu hulia ukifunguliwa, na haukuwa umelia, si alipotoka wala alipoingia.

Mama akafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefunguka?"

Nikasema ndiyo, nikamtania kwamba kuna fundi mwenzangu alitaka kunikataza, sweta la njano, mkono mmoja kijani. Akashika ukingo wa meza, akakaa taratibu.

"Nilipomfumia, uzi wa njano uliniishia," alisema. "Nikamalizia na wa kijani. Ndilo alilovaa siku ile."

Kwenye skrini gari la kabichi lilikuwa limesimama kwenye kona ya mwisho. Mbele, palipopaswa kuwa Mombo, weupe mtupu. Nilibonyeza kila kitufe, halikusogea. Faili la Mombo, lile alimochorwa mama, lipo mpaka leo, lakini ndani hamna kitu. Lilikatika likiwa linaandikwa, na aliyelikata ni mimi.

Mama hupita kwangu kila siku ya soko, akitoka kuuza karoti zake. Huniuliza kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kama mwanawe amefika. Namjibu bado. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wewe unayesoma, mashine ikikuambia subiri, usijifanye unajua kuliko aliyeandika neno hilo. Hujui nani yuko njiani.

Laptop ile bado iko kwangu, naiacha imewaka. Tangu siku ile sijazima kitu chochote kwa nguvu.