Tumbaku ya Jirani na Kiherehere Changu

Mimi ni mtu wa kiherehere na sitasingizia malezi. Nilizaliwa hivi. Kwa hivyo jirani yangu wa kibanda, anayekaanga samaki hapa mtaani Rhonda, alipokubali nimsindikize kwa daktari wa meno, alijitafutia mwenyewe.

Daktari alimvuta mdomo wa chini kwa kidole, akamulika tochi. Na mimi nikainama kuangalia, nani angenizuia? Ndani kulikuwa na doa jeupe, limekunjamana kama utando wa maziwa.

"Mama, unatafuna tumbaku?"

Jirani yangu, sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani, akasema ndiyo. Woi! Miaka saba tumekaa ubavu kwa ubavu, yeye na karai lake, mimi na mitumba yangu, na nilijua mpaka siku ambazo mume wake hakuoga. Tumbaku sikujua. Nilidhani anatema mate ovyo kwa sababu ya moshi.

Daktari alisema doa kama hilo linaweza kwisha lenyewe mtu akiacha, na asipoacha linaweza kugeuka kansa. Aache leo, arudi baada ya wiki nne. Likiwa bado liko, watakata kipande wakapime.

Njiani jirani yangu akanionyesha kikopo cha mafuta ya kujipaka alichoficha kwa sidiria. Ndani ni majani meusi na magadi kidogo. Alifundishwa na mama mkwe wake, huko Keringet alikoolewa. Jino lilimuuma wakati wa kuvuna viazi, mama mkwe akakata kipande cha tumbaku, akachanganya na magadi, akamsukumia nyuma ya mdomo wa chini. Jino likatulia. Halafu akaona njaa pia inatulia, na baridi ya kule inavumilika.

"Na ukiwa nayo mdomoni huwezi kujibu mtu," akaniambia. "Mama mkwe akianza, mimi natafuna. Mzee wangu akirudi amelewa, natafuna. Watu wanasema huyu mama ana heshima. Heshima gani? Mdomo umejaa."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, nikaanza kumtibu. Nikamletea karanga, tangawizi, miwa, mahindi ya kuchoma, chochote cha kumshughulisha meno. Karanga zilimharisha. Tangawizi alimrushia mteja aliyekuwa anafinyafinya samaki bila kununua. Siku ya tano nikamfumania nyuma ya kibanda, mdomo wa chini umevimba kama ameumwa na nyuki.

"Unataka wakukate huo mdomo? Utakula na nini? Utaimba na nini?" Nilipiga kelele, kwa sababu nilikuwa naogopa. Yeye akaniangalia tu. Hangeweza kujibu.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Alhamisi akina mama wa kanisa tulikutana mtaa wa Section 58, kwa nyumba ya mmoja wetu. Jirani yangu hakuja, alikuwa na samaki wa kukaanga kwa ajili ya matanga. Kwetu kanisani umbea ni dhambi, lakini ombi la maombi linaruhusiwa. Umbea ukifunga kitambaa cheupe unakaribishwa chai. Nikasimama, nikafunga macho, nikasema tumwombee dada yetu mmoja, jina silitaji, tumbaku imemshika. Anauza samaki. Rhonda. Karibu na mtu wa mitumba.

Wakasema "Yesu!" wote pamoja.

Kesho yake wakaja kumi na wawili. Wakazunguka karai wakiimba. Mwenyekiti wetu akamwekea mkono mmoja kwenye paji la uso na mwingine kwenye shavu, akaiamuru roho ya tumbaku itoke, tena itoke na mizizi. Watu wa bodaboda wakasimama kutazama. Samaki wakaungua. Na aki, mwenyekiti akingoja aseme "amina", jirani yangu akaitikia kwa kichwa tu. Tumbaku ilikuwa mdomoni saa hiyo hiyo! Akaniangalia juu ya vile vitambaa vyote, na nikatamani ardhi inimeze.

Walipoondoka nikaenda, nikakaa kwa kreti yake. "Sista, nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

Akainua kidole: ngoja. Akainama, akatema kwenye kopo la mchanga. Akasukutua maji mara mbili. Akajipangusa kwa leso. Halafu akafungua mdomo.

Sijawahi kutukanwa hivyo, na nina dada wakubwa wanne. Alianza na ulimi wangu akashuka mpaka visigino. "Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo ni wewe unaziuza!" Wateja wakaacha kuchagua soksi wakasikiliza. Nililia nikiwa nimejificha kwenye makoti.

Nilidhani yameisha. Asubuhi iliyofuata, kabla sijafungua marobota, huyo amekuja na hoja mpya. Saa nane, tena. Akakumbuka sufuria yangu niliyompa ikiwa imetoboka, akakumbuka nilivyocheka alipoteleza siku ya ubatizo. Ikawa ni kila siku, wiki tatu nzima. Na si mimi tu. Siku moja alimpigia mama mkwe simu akamwambia mambo ya miaka ishirini, kwa heshima zote, bila kupumzika. Mume wake akaanza kurudi mapema, hajalewa, na wasiwasi usoni. Mimi nilichoka. Nikaulizia nafasi ya kibanda Section 58, nikamwambia mwenye kibanda nitahamia mwisho wa mwezi.

Wiki ya nne ilipofika akaja akasema neno moja: "Twende." Nikaenda. Nilikuwa nimekasirika na pia naogopa, kwa sababu nilimpenda huyo mama na sikutaka akatwe.

Daktari akavuta mdomo, akamulika, akachukua muda wake.

"Limeisha karibu lote," akasema. "Tumbaku usiiguse tena, na urudi tuangalie. Lakini mama, umefanyaje?"

"Ni karanga, daktari," nikadakia, machozi yananitoka. "Na tangawizi."

Jirani yangu akanipiga kofi la paja. "Karanga gani? Daktari, kila hamu ikinishika nilikuwa naenda kumtukana huyu. Na matusi hayatoki vizuri mtu akiwa na kitu mdomoni."

Daktari akaniangalia, akamwangalia. "Basi mama, endelea na hiyo dawa."

Jirani yangu akanigeukia. "Umemsikia? Na hiyo habari yako ya kuhamia Section 58 nimeipata. Ujaribu uone."